Fahamu safari ya mhadhiri kijana: kutoka kipindi cha majaribio hadi kupanda vyeo

MANDEWA, SINGIDA

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida, iliyopo Kata ya Mandewa katika Manispaa ya Singida, huwapokea wagonjwa kutoka wilaya zote za mkoa. Nyuma ya kila daktari na kila mfamasia anayewahudumia yupo mhadhiri aliyemfundisha. Ndivyo ilivyo pia kwa mwalimu wa sekondari, kwa ofisa ugani anayemshauri mkulima wa alizeti au vitunguu, na kwa mhasibu wa halmashauri. Ubora wa huduma anayoipata mwananchi wa Mandewa huanza kujengwa miaka mingi kabla, katika chumba cha mihadhara.

Katika vyumba hivyo, wanaoongoza semina, kusimamia mazoezi ya maabara na kusahihisha kazi za wanafunzi wa miaka ya mwanzo mara nyingi ni wanataaluma chipukizi: Wakufunzi Wasaidizi, Wahadhiri Wasaidizi na Wahadhiri walioajiriwa karibuni. Makala hii inaeleza namna wanavyoajiriwa, wanavyothibitishwa kazini, wanavyolelewa na wanavyopimwa, na kwa nini jambo hilo linamhusu mzazi anayemsomesha mtoto pamoja na kijana anayetamani kuifanya kazi hiyo.

Ajira ya kudumu ina maana gani

Nchi hazifanani katika jambo hili. Nchini Marekani, tamko la misingi la mwaka 1940 lililotolewa na chama cha maprofesa kwa pamoja na umoja wa vyuo liliweka utaratibu ambao bado unafuatwa na vyuo vingi. Mhadhiri mpya huwa chini ya majaribio kwa muda usiozidi miaka saba, kisha hupewa ajira ya kudumu au huondoka. Hakuna kubaki katikati.

Tanzania imechukua njia nyingine. Mwanataaluma anayeajiriwa na chuo kikuu cha umma kwa masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni ni mtumishi wa umma, na kipindi chake cha majaribio ni miezi 12. Akithibitishwa, hawezi kuondolewa kazini ila kwa sababu na utaratibu unaotambuliwa na sheria. Katika vyuo vikuu binafsi ajira husimamiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinaelekeza kuwa muda wa majaribio usizidi miezi 12.

Maana yake ni kwamba mwanataaluma wa Tanzania hupata uthabiti wa ajira mapema, mara nyingi kabla hajawa mtafiti kamili. Mlango wa kwanza, yaani kuthibitishwa, hufunguka ndani ya mwaka mmoja. Mlango wa pili, wa kupanda vyeo, huchukua miaka kumi, kumi na mitano au zaidi. Kwa mhadhiri kijana wa Marekani hatari iliyopo ni kufukuzwa. Kwa wa Tanzania hatari ni kudumaa: kubaki katika ngazi moja kwa miaka mingi akiwa na mzigo mkubwa wa vipindi, bila shahada ya uzamivu na bila utafiti, huku wanafunzi wakiendelea kupokea maarifa yaliyokwisha kupitwa na wakati.

Kwa sababu hiyo, barua ya kuthibitishwa si mwisho wa safari. Kinachoamua hatima ya mwanataaluma chipukizi ni malezi anayoyapata na tathmini anayofanyiwa baada ya barua hiyo.

Ngazi sita za taaluma

Kada ya wanataaluma wa vyuo vikuu nchini ina ngazi sita: Mkufunzi Msaidizi, Mhadhiri Msaidizi, Mhadhiri, Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki na Profesa. Mwaka 2014 vyuo vikuu vya umma viliwekewa muundo mmoja wa utumishi, ili cheo kinachotolewa na chuo kimoja kiwe na uzito uleule katika chuo kingine. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, ndiyo inayosimamia viwango vya ubora katika vyuo vya umma na vya binafsi.

Mkufunzi Msaidizi huajiriwa akiwa na shahada ya kwanza. Matangazo ya ajira ya vyuo vya umma ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaja wastani wa alama (GPA) usiopungua 3.8 kati ya 5. Mhadhiri Msaidizi anatakiwa kuwa na shahada ya uzamili yenye wastani usiopungua 4.0, pamoja na matokeo mazuri ya shahada ya kwanza. Ngazi hizi mbili ni za mafunzo. Anayeajiriwa katika mojawapo anategemewa kuendelea na masomo katika muda uliowekwa na chuo, na asiyefanya hivyo hana nafasi ya kusonga mbele katika kada ya taaluma.

Ngazi ya Mhadhiri inahitaji shahada ya uzamivu. Kuanzia hapo shahada peke yake haitoshi. Mhadhiri anayetaka kuwa Mhadhiri Mwandamizi anatakiwa kukaa katika cheo alichonacho kwa muda usiopungua miaka mitatu, kuwa na machapisho yaliyopitiwa na wanataaluma wenzake, na kuwa na rekodi nzuri ya ufundishaji. Masharti ya aina hiyo, kwa kiwango cha juu zaidi, yanamsubiri katika ngazi za Profesa Mshiriki na Profesa.

Utaratibu kama huu upo pia kwa majirani. Nchini Kenya, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa mwaka 2014 vigezo vya pamoja vya uteuzi na upandishaji vyeo vilivyoifanya shahada ya uzamivu kuwa sharti la ngazi ya mhadhiri.

Pengo lililoachwa na historia

Umuhimu wa kuwalea wanataaluma chipukizi unaonekana wazi katika historia ya elimu ya juu nchini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Wahadhiri wengi wa miaka hiyo walitoka nje ya nchi. Ili kuziba nafasi hizo kwa wazalendo, chuo kiliwabakiza wahitimu wake bora kama wakufunzi wasaidizi, kikawapeleka masomoni na kuwarudisha wakiwa na shahada za juu. Kilipokuwa chuo kikuu cha kitaifa mwezi Julai 1970, mbegu hiyo ilikuwa imeanza kuota.

Katika miaka ya 1990, wakati wa marekebisho ya uchumi, ajira mpya serikalini zilisitishwa na vyuo vilikaa muda mrefu bila kupokea vijana. Matokeo yake yalionekana baadaye: idara zikawa na wazee wanaokaribia kustaafu upande mmoja na vijana wasio na uzoefu upande mwingine, huku watu wa katikati wakiwa wachache. Wakati huohuo mahitaji yalipanda. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na mwaka huohuo vyuo vya Muhimbili na Ardhi vikapata hadhi ya vyuo vikuu kamili.

Mwaka 2018 sheria ilifanyiwa marekebisho ili maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa katika utumishi wa umma wastaafu kwa hiari wakiwa na miaka 60 na kwa lazima wakiwa na miaka 65, badala ya miaka 55 na 60. Hatua hiyo iliongeza muda wa wabobezi kuwepo kazini. Muda huo una thamani endapo unatumika kurithisha ujuzi. Profesa akistaafu bila kumwachia kijana mbinu za utafiti, mtandao wake wa kitaaluma na uzoefu wa kusimamia tasnifu, miaka mitano iliyoongezwa itakuwa imeahirisha pengo bila kuliziba.

Miezi 12 ya kwanza

Kipindi cha majaribio hakikuwekwa kwa ajili ya kumsubiri mtu akosee. Ni muda wa pande mbili kufahamiana: chuo kinamfahamu mwajiriwa, na mwajiriwa anaifahamu kazi. Mkuu wa Idara ndiye msimamizi wake wa karibu, na taarifa yake ndiyo inayotazamwa kwanza mamlaka ya ajira inapoamua kumthibitisha mtumishi, kumwongezea muda au kusitisha ajira yake.

Katika muda huo mwajiriwa anapaswa kupatiwa mambo ya msingi kwa maandishi: majukumu yake, idadi ya vipindi, malengo ya mwaka, vigezo vya kupimwa na jina la mlezi wake wa kitaaluma. Anapaswa pia kupewa mafunzo ya awali kuhusu sheria na taratibu za utumishi, pamoja na mbinu za ufundishaji. Jambo hili la mwisho husahaulika. Mhitimu aliyepata alama za juu katika kemia au sheria anaijua kemia au sheria. Kumfundisha mwenzake, kutunga mtihani wa haki na kumpa mwanafunzi mrejesho unaomjenga ni ujuzi mwingine kabisa, nao hufundishwa.

Endapo kasoro inaonekana katika mwezi wa tatu, mahali pake ni mazungumzo ya mwezi wa tatu. Mwajiriwa anayesikia kwa mara ya kwanza katika mwezi wa kumi na mbili kwamba kazi yake haikuridhisha amenyimwa nafasi ya kujirekebisha, na msimamizi aliyenyamaza muda wote huo naye hakutimiza wajibu wake.

Malezi ya kitaaluma

Wahenga walisema gogo haliendi ila kwa nyenzo. Kwa mwanataaluma chipukizi nyenzo ya kwanza ni mlezi, yaani mhadhiri mwandamizi au profesa anayemshika mkono katika mambo ambayo hayajaandikwa katika mwongozo wowote: jarida lipi linafaa kwa utafiti gani, namna ya kujibu maoni makali ya wapitiaji wa makala, wakati gani wa kukubali jukumu la kamati na wakati gani wa kuomba radhi.

Inafaa mlezi awe mtu mwingine mbali na yule anayeandika taarifa ya tathmini. Kijana anahitaji mahali pa kusema kwamba utafiti wake umekwama bila kuhofia kwamba maneno hayo yataingia katika jalada lake. Palipo na wabobezi wachache, mlezi anaweza kutoka idara jirani au chuo kingine.

Nyenzo ya pili ni muda. Mwanataaluma ana kazi tatu: kufundisha, kutafiti na kuihudumia jamii. Katika idara yenye wanafunzi wengi na wahadhiri wachache, kijana hupewa kozi nyingi ambazo wakubwa hawazitaki, semina zote na marundo ya kusahihisha. Akimaliza muhula hana nguvu ya kuandika. Miaka mitatu baadaye anaulizwa machapisho yako wapi. Mkuu wa Idara anayegawa vipindi kwa haki, na kumwachia kijana walau siku moja isiyoguswa kila wiki kwa ajili ya utafiti, amemsaidia kuliko semina kumi za kuhamasishana.

Nyenzo ya tatu ni fedha za masomo na utafiti. Kwa miongo kadhaa Sweden ilifadhili shahada za uzamivu za wanataaluma wa Tanzania kwa mtindo wa kusoma kwa zamu, sehemu ya muda huko na sehemu hapa nchini, ili utafiti ufanyike nyumbani na mtafiti asipotee. Hivi karibuni Serikali imekuwa ikitekeleza Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unaojulikana kwa kifupi kama HEET, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola za Marekani milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021. Pamoja na majengo na maabara, mradi huo unagharamia masomo ya uzamili na uzamivu ya wanataaluma. Kwa watafiti, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, husimamia Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia.

Mwanataaluma anayekwenda masomoni kwa ruhusa na gharama za mwajiri huingia makubaliano ya kurudi na kulitumikia taifa kwa kipindi maalumu. Makubaliano hayo yana upande wa pili: chuo nacho kina wajibu wa kumwandalia nafasi, ofisi na vifaa. Aliyerudi na ujuzi wa maabara ya kisasa akakuta hakuna hata kitendanishi atakuwa amerudi kwa mwili tu.

Kinachopimwa

Tathmini ya mwanataaluma ina sura mbili. Ya kwanza ni ile ya kila mtumishi wa umma. Tangu mwaka 2004 watumishi walikuwa wakipimwa kwa Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, uliojulikana zaidi kama OPRAS. Mfumo huo umepokewa na mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, ambao mtumishi hujaza humo kazi zake na msimamizi huzipitia katika mwaka mzima.

Sura ya pili ni tathmini ya kitaaluma inayofanywa mwombaji anapotaka kupanda cheo. Hapa hupimwa ufundishaji, machapisho na huduma. Ufundishaji hupimwa kwa maoni ya wanafunzi mwishoni mwa muhula na kwa maoni ya wanataaluma wenzake. Maoni ya wanafunzi ni muhimu, lakini yana mipaka: mhadhiri anayetoa alama kwa ukarimu anaweza kupendwa kuliko anayedai kazi ya kweli. Ndiyo maana ni vema maoni hayo yasomwe sambamba na muhtasari wa kozi, mitihani iliyotungwa, taarifa za watahini wa nje na ushuhuda wa mwandamizi aliyekaa darasani akasikiliza.

Machapisho ndiyo sehemu inayowakwamisha wengi. Makala za majarida, vitabu na sura za vitabu hupewa alama kwa kuzingatia ubora wa kazi, mahali ilipochapishwa na mchango wa mwandishi endapo waandishi ni zaidi ya mmoja. Kijana aliyeshiriki katika utafiti wa pamoja anashauriwa kuafikiana mapema na wenzake kuhusu mgawanyo wa kazi na mpangilio wa majina. Si haki mwandamizi kuweka jina lake mbele ya kazi aliyoifanya kijana, wala kijana kuongeza jina la mkubwa kama zawadi.

Haraka ya kupata alama imezaa biashara ya majarida bandia, yanayodai fedha na kuchapisha chochote ndani ya siku chache bila mapitio yoyote. Makala iliyochapishwa huko inaweza kukataliwa na kamati, na mwandishi akabaki amepoteza fedha, muda na kazi ambayo sasa ni vigumu kuichapisha tena penye hadhi. Kabla ya kutuma makala, mwandishi ajiulize maswali machache: wahariri ni akina nani na wanafanya kazi wapi, makala zilizotangulia zina kiwango gani, mapitio huchukua muda gani, je, maktaba ya chuo inalitambua jarida hilo?

Lugha si kikwazo. Wanataaluma wa Kiswahili wanayo majarida ya Kiswahili na Mulika, yanayotolewa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika mwaka wa fedha 2022/2023 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilitenga Shilingi bilioni 1 kwa ajili ya kuwatuza watafiti wanaochapisha katika majarida yenye hadhi ya juu kimataifa. Tuzo za namna hiyo huchochea bidii, ila aliye mwanzoni mwa safari anazifikia endapo kwanza amepata mlezi, muda na vifaa.

Maombi yanapita wapi

Ombi la kupanda cheo huanzia idarani, ambako mwombaji huwasilisha wasifu wake na nakala za kazi zake. Kazi hizo hutumwa kwa wapitiaji wenye sifa, na kwa vyeo vya profesa hupelekwa kwa wabobezi wa nje ya chuo. Kisha ombi hupita katika ngazi ya kitivo, shule kuu au ndaki hadi kwenye kamati za chuo zinazohusika na ajira na maendeleo ya wanataaluma. Uamuzi hufanywa na Baraza la Chuo, au na kamati iliyokasimiwa madaraka hayo.

Safari hiyo ina vituo vingi, na kila kituo kinaweza kuchelewesha. Mpitiaji asiyejibu barua, kikao kilichoahirishwa au jalada lililokosa karatasi moja vinaweza kumgharimu mwombaji mwaka mzima wa cheo na mshahara. Chuo kinachojali watu wake huweka muda wa mwisho kwa kila hatua na kumweleza mwombaji ombi lake limefika wapi.

Mwaka 1997 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) lilipitisha Pendekezo kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu. Pendekezo hilo linataka uthabiti wa ajira yao ulindwe. Kuhusu tathmini, linaeleza kuwa kazi yake kuu ni kumwendeleza mtu kulingana na uwezo wake. Kwamba ifanywe kwa vigezo vya kitaaluma peke yake. Kwamba matokeo ajulishwe mhusika. Na kwamba asiyeridhika awe na mahali pa kukata rufaa pasipo na upendeleo. Miaka saba kabla yake, Aprili 1990, jumuiya za wanataaluma wa Tanzania zilikuwa zimepitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii.

Kwa maneno mepesi, jibu la «hapana» lisiloambatana na sababu halimsaidii mtu. Mwombaji aliyekataliwa anastahili kujua kama upungufu upo katika idadi ya machapisho, ubora wake, au ufundishaji, na nini akifanye kabla ya kuomba tena.

Walio katika mazingira ya pekee

Kuna wanataaluma ambao mizani ya kawaida inaweza kuwaonea bila kukusudia. Wa kwanza ni wanawake. Likizo ya uzazi ya siku 84 ni haki ya kisheria, na miaka ya kulea watoto wachanga mara nyingi huangukia katika miaka ileile ya kusomea uzamivu. Mpitiaji makini hasomi pengo la mwaka mmoja katika orodha ya machapisho kama uvivu. Hutazama kazi yenyewe.

Wa pili ni walio mbali na makao makuu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani, kikiwemo cha Singida. Mwanataaluma anayefanya kazi katika kituo cha mkoa hupokea wanafunzi wapya, husimamia mitihani na kushughulikia utawala, huku wenzake wa fani yake wakiwa mamia ya kilomita mbali. Hakuna semina ya idara ya kuhudhuria jioni. Hata hivyo yuko karibu na mambo yanayohitaji kutafitiwa: kilimo cha alizeti katika ukanda wenye mvua chache, hali ya maziwa ya Singidani na Kindai yaliyo ndani ya mji, au huduma za afya katika vijiji vya mkoa. Akiunganishwa na mlezi kwa njia ya mtandao na akapunguziwa kazi za ofisi, umbali huo unaweza kugeuka mtaji.

Haki ya kusikilizwa

Mwanataaluma asiyeridhika na uamuzi anashauriwa kuanza ndani ya chuo, kwa kuandika kwa Mkuu wa Idara au Amidi na kisha kwa mamlaka za juu, hadi Baraza la Chuo. Vyama vya wafanyakazi, kikiwemo cha wafanyakazi wa taasisi za elimu ya juu (THTU), huweza kumshauri na kumwakilisha mwanachama wao.

Mtumishi wa umma anatakiwa kwanza kutumia njia zilizowekwa na Sheria ya Utumishi wa Umma, ikiwemo Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kwenda katika vyombo vya sheria za kazi. Mwajiriwa wa chuo binafsi hupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Katika njia zote mbili, anayetunza kumbukumbu ndiye mwenye nguvu: barua ya ajira, malengo yaliyosainiwa, taarifa za tathmini, nakala za machapisho na barua za kupokelewa kwa ombi.

Kwa kijana na mzazi wa Mandewa

Kijana wa Mandewa anayeitamani kazi hii anatakiwa kuijenga tangu mwaka wa kwanza wa masomo, kwa kuwa wastani wa alama hauwezi kuokolewa katika muhula wa mwisho. Nafasi katika vyuo vya umma mara nyingi hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hutumwa kwa njia ya mtandao bila malipo yoyote kwa mtu wa kati. Siku anapopata barua ya ajira, maswali ya kwanza ya kuuliza ni mlezi wake ni nani, vigezo vya kupimwa ni vipi, na mpango wa masomo yake ya juu ukoje.

Mzazi naye anayo nafasi yake. Anapomsaidia mtoto kuchagua chuo, zaidi ya kutazama ada na majengo, anaweza kuuliza ni wahadhiri wangapi wa programu hiyo wana shahada ya uzamivu, na kama chuo na programu yenyewe vinatambuliwa na TCU. Chuo kinachowalea vyema wahadhiri wake vijana hakitaona ugumu kujibu.